Mate ya Mama Mkwe

Jumapili, 2 Juni

Shemeji Daktari alikuja kula mchana. Ni dada mkubwa wa mke wangu, na ni daktari wa meno. Mtu wa namna hiyo hafai kualikwa mezani. Wewe unatafuna, yeye anachunguza. Nilikula kwa upande wa kushoto tangu mwanzo, kwa ustadi mkubwa, mpaka kipande cha nyama kikahamia kulia bila ruhusa. Nikaruka. Nikasema nimeumwa na mbu mguuni. Shemeji akauliza ni mbu gani huyo anayemfanya mtu ashike shavu.

Siri yangu, na isitoke humu: gego la kulia limetoboka. Ulimi unaingia na kutoka kama mpangaji. Simwogopi daktari. Hata kidogo! Ila ile sindano yao inachomwa kwenye ufizi, na habari zake nimezisikia.

Tena huu si wakati wa kujitangaza mgonjwa. Kiwandani kwetu, tunakotengeneza mtindi, Mzee Mwonjaji anastaafu. Yeye ndiye huonja kila pipa kabla halijatiwa kwenye chupa. Ana koti jeupe. Ana kiti. Hakorogi kitu. Mimi nimekoroga maziwa mpaka mabega hayalingani. Mama Kiwanda, mwenye mali, amesema Ijumaa ya wiki ijayo atatuonjesha mimi na Kidevu, na mshindi atavaa koti. Kidevu ni mfunga chupa. Hutembea uso juu utadhani anatafuta kitu darini. Akijua kwamba mtindi ukigusa jino langu naona nyota, nimekwisha.

Baada ya chakula Shemeji akatoa darasa bila kuombwa. Eti kinywani mwa mtu kuna vijidudu vya kila aina, mtaa mzima. Vingi havina ubaya, tena ni walinzi: vimekaa kwenye nafasi zao, wahuni wakose pa kukaa. Wahuni wenyewe wanakula sukari na kutoa uchachu unaolila jino. Eti mtoto huvipata vijidudu vyake vya kwanza kutoka kwa wanaomlea. Akasema na mengine kuhusu mswaki, na kuhusu mtu fulani ambaye kazini anaitwa Peremende kwa sababu mfuko wake haukosi pipi. Hapo niliacha kusikiliza.

Maana nilikuwa nimekwisha kuona mwanga. Mbele yangu alikaa Mama mkwe, ambaye yuko kwetu kwa matembezi. Bibi wa umri ule, ana wajukuu wasio na meno, na yeye yote anayo! Alikuwa anavunja mfupa wa kuku kama biskuti. Vijidudu vizuri viko pale. Vinahitaji kuhamishwa tu.

Jumatatu, 3 Juni

Mimi ni mtu wa mtindi. Wengine wana vyeti, mimi nina akili ya kazi. Mtindi unatengenezwaje? Unaosha chombo kwa maji ya moto mpaka kisibaki kitu hai. Unatia maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Unatia mbegu, yaani kijiko cha mtindi mzuri wa jana. Unafunika. Unauacha ujifanye wenyewe.

Mbegu yetu ya kiwandani inakaa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, chumba cha nyuma. Tunaiita Bibi, kwa sababu kila chupa inayotoka pale ni mjukuu wake. Ukiingia asubuhi unamsalimu: shikamoo, Bibi. Mama Kiwanda alirithi mbegu ile kwa mama yake, na Bibi hulishwa maziwa mapya kila siku asije akafa. Sheria yake ni moja, imebandikwa mlangoni: kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi kwenye ndoo.

Basi kinywa ni chombo. Kwanza kuosha, kisha mbegu. Shemeji amesoma miaka na miaka, jambo jepesi kama hili halikumjia.

Nilinunua dawa ya kusukutua ya mnanaa, chupa kubwa, ile kali. Imeandikwa kifuniko kimoja kwa siku. Hao wanaandika kwa ajili ya watu waoga. Nilisukutua mpaka machozi yakatoka. Halafu nikakumbuka kwamba makopo ya maziwa hatuyaoshi kwa mnanaa tu. Nikachemsha maji.

Nisingechemsha maji.

Mke wangu aliuliza mbona naongea kama nina viazi mdomoni. Nilijibu kwa ishara kwamba ni uchovu.

Jumanne, 4 Juni

Ulimi umekuwa kama soli ya kiatu. Nimeweka pipi juu yake, sikusikia utamu. Nikaongeza ya pili, nusura nisikie. Lakini chombo ni safi! Nina hakika hakuna kilichobaki hai mle ndani. Mpaka hapa kazi imekwenda vizuri.

Sasa mbegu. Mama mkwe hunywa chai ya asubuhi barazani na kuacha kidogo chini ya kikombe. Mate yake yamo humo. Tatizo ni adabu. Mkwe ni mkwe. Mimi hata kukaa kiti alichotoka yeye sikai kabla hakijapoa. Mtu hawezi kumwendea mama wa watu na kumwambia, shikamoo mama, naomba masalia yako.

Nilisubiri aingie ndani kutafuta kanga yake. Nikanyemelea. Nikakinyakua kikombe, nikapiga funda moja. Nikalizungusha kinywani kama Shemeji anavyowaagiza wateja wake, kila pembe ipate haki yake. Mara nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Mama mkwe. Kanga ilikuwa begani mwake muda wote.

Nikasema nilikuwa naenda kukiosha. Ikabidi nikakioshe kweli. Nikaosha na sufuria mbili ili kazi ionekane ina msingi. Mke wangu alipita jikoni, akasimama, akarudi nyuma kuhakikisha. Akauliza nimefanya kosa gani. Huwezi kumfanyia mwanamke huyu wema akaupokea hivihivi.

Jumatano, 5 Juni

Funda moja halitoshi. Hata pipa huwezi kulitia mbegu tone moja. Inabidi Mama mkwe aache chai nyingi zaidi, na aiache kwa moyo mweupe. Mkono mtupu haulambwi. Juzi alilalamika kwamba mtindi wa dukani ni maji matupu. Basi jana kazini nikachota kidogo kwa Bibi, nikatia kwenye kopo la jamu, nikampelekea. Kutoa mbegu nje ya kiwanda ni marufuku. Lakini Mama mkwe si nje. Ni familia.

Alifurahi sana. Alinusa, akaonja kwa kijiko safi, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza jambo. Akasema mtindi huu una watu wake. Akaweka kopo dirishani kwenye chumba chake, akasema atalilisha mwenyewe. Sikujali. Macho yangu yalikuwa kwenye kikombe.

Na kweli, leo aliacha nusu! Nikanywa yote nimesimama nyuma ya mlango. Nilipogeuka, nikakutana na macho yake kwenye ufa wa pazia. Aliniangalia kwa huruma, akaondoka taratibu.

Usiku, kwenye chakula, akasukuma sahani yake mbele yangu ikiwa karibu imejaa. Akasema kwa sauti ya chini, kula baba, usione haya, hata mume wangu marehemu alipitia wakati mgumu. Nikala. Kulikuwa na alama ya kijiko chake kwenye wali, kwa hiyo nilianzia hapo.

Gego linapwita kuliko jana. Bila shaka ni vita. Walinzi wapya wanapambana na wahuni.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa. Mama mkwe amemwita mke wangu chumbani na kufunga mlango. Amemwambia kwamba mwanamume anayelamba vikombe vya watu ni mwanamume asiyelishwa. Kwamba hakumlea hivyo. Kwamba kama pesa ya chakula haitoshi, aseme, yeye atauza mbuzi.

Mke wangu alitoka mle ndani na uso ambao sijauona tangu siku ya harusi ya mdogo wake, nilipokalia keki. Akauliza nina njaa gani. Akataja kila nilichokula tangu Jumapili, pamoja na vitafunio ambavyo nilidhani hakuviona. Akauliza nimemdhalilisha kwa mama yake kwa sababu gani hasa.

Nifanyeje? Niseme natafuta mate ya mama yako? Nikasema chai ya mama ina ladha kuliko ya humu ndani.

Mdomo uliponza kichwa. Chai imekoma. Si ya mama tu, na yangu. Kuanzia leo Mama mkwe ananywea chumbani na kikombe kinaoshwa na mke wangu mwenyewe, kwa hasira, na maji mengi. Mimi nimeambiwa nikatafute wenye ladha.

Usingizi umekataa kuja. Si jino tu. Sipendi mke wangu akinipa mgongo, na sipendi zaidi kwamba safari hii ana haki. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikafungua mdomo. Akasema funga, unanuka mnanaa na kitu kingine.

Kitu kingine!

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Sasa hivi wazo limekuja. Ninahangaika na masalia ya chai kwa nini, wakati kazini kuna ndoo nzima ya mbegu safi, ya ukoo unaojulikana?

Ijumaa, 7 Juni

Wenzangu wakitoka kula, mimi nabaki. Nimesema nafunga. Kidevu akasema unafunga huku shavu moja limejaa pipi, funga hiyo ni ya dini gani.

Nikaingia chumba cha nyuma. Shikamoo, Bibi. Nikachukua upawa. Nikachota, nikatia kinywani, nikazungusha kulia, nikazungusha kushoto, nikameza. Upawa bado ulikuwa na mtindi, na kumwaga chakula ni dhambi. Nikaurudisha ndooni. Nikachota tena. Katikati ya choto la tatu nikapiga chafya, jambo ambalo haliko kwenye uwezo wa binadamu. Nikakoroga ili lisionekane.

Najua sheria ya mlangoni. Lakini sheria ile iliandikwa kwa ajili ya vinywa vya kawaida. Changu nilikichemsha.

Na hapa ndipo akili ya kazi inapomshinda msomi. Mbegu bila chakula hufa. Bibi hula sukari iliyomo kwenye maziwa, kila mtu kiwandani anajua hilo. Basi walinzi wangu nao wale! Nimetoka kwenye pipi moja moja, sasa naziacha ziyeyuke mfululizo, nyingine inaingia kabla ya mwenzake kuondoka. Kila nikihisi jino linauma najua wanakula.

Nilimtembelea Bibi tena jioni. Kabla yake nilisukutua mnanaa, kwa heshima.

Jumamosi, 8 Juni

Shavu la kulia limevimba. Nimemwambia Mama Kiwanda nimenenepa. Akauliza upande mmoja? Nikasema unene ndio unaanza.

Mzee Mwonjaji alionja pipa la asubuhi, akakunja uso, akaonja tena. Akasema Bibi leo hajakaa sawa, kama mtu aliyelala vibaya. Kidevu akapendekeza ndoo ichunguzwe. Nikaona lazima niwahi. Nikasema, kwa masikitiko, kwamba sipendi kutaja watu, ila kuna mtu hapa anafunga chupa na kujikuna kidevu kwa mkono uleule. Nikasema harufu ya Bibi imebadilika tangu mtu huyo alipoanza kupita karibu na chumba cha nyuma.

Wote wakamwangalia Kidevu. Kwa mara ya kwanza kidevu chake kilishuka. Raha niliyoipata! Iliniuma mpaka kwenye sikio, lakini raha.

Kabla ya kufunga kazi nilipita kumuaga Bibi. Choto moja tu. Au mawili. Kesho ni mapumziko, na walinzi wasikae na njaa siku nzima.

Jumatatu, 10 Juni

Bibi amekufa.

Mama Kiwanda alifungua mfuniko mbele yetu sote. Mtindi ulikuwa umekatika, maji ya kijani juu, chini utelezi unaovutika kama gundi. Harufu ikatoka kama mgeni mwenye haraka. Maziwa ya Jumamosi, mapipa yote, hayakuganda wala hayakuwa maziwa tena. Yamemwagwa. Nilisaidia kumwaga.

Mama Kiwanda alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa na kulia. Mama mtu mzima, na funguo zake kiunoni, analia. Akasema mama yake alibeba mbegu ile kifuani, kwenye chupa ndogo, kipindi walichohama na kuacha kila kitu, nyumba, vyombo, hata picha. Akasema hana picha ya mama yake. Alikuwa na ndoo ile tu.

Sikuwahi kuambiwa hivyo. Nikaitoa pipi mdomoni. Nilitaka kusema. Nikamwangalia Kidevu, ambaye kila mtu alikuwa anamwangalia, na nikaona kwamba kunyamaza nako ni adabu.

Kidevu hakunyamaza. Aliinama kwenye ndoo, akanusa. Akanusa tena, kwa makini. Akasema, Mama, hapa kuna mnanaa.

Mama Kiwanda akasimama, akafuta macho, akanusa naye. Akasema kuna mnanaa, na chini ya mnanaa kuna kitu kingine. Akaamuru tujipange mstari mmoja, tufumbue midomo.

Akaanza upande wa pili, mbali nami. Mzee Mwonjaji, tangawizi. Msichana wa lebo, kitunguu, akaomba radhi. Kidevu, hakuna kitu kabisa, kinywa kama hewa ya asubuhi! Kuna watu wana bahati wasizostahili. Nikajaribu kupumua kwa ndani. Alipofika kwangu akasema pumua. Nikasema nina mafua. Akasema, Peremende, pumua.

Nilipumua.

Alifunga macho. Akarudi kwenye ndoo, akanusa. Akarudi kwangu, akanusa. Kisha akatamka bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, kwamba ndoo na mimi ni ndugu wa tumbo moja.

Kidevu akasema la kuvunda halina ubani. Alikuwa ameliweka tayari, niliona.

Nikaeleza yote. Mbegu, chombo, walinzi. Nilipofika kwenye mate ya Mama mkwe, Mzee Mwonjaji alitoka nje na tukamsikia anacheka mpaka akaegemea mapipa. Mama Kiwanda hakucheka. Ameniambia niende kwa daktari wa meno, kisha nirudi nisikie kama bado nina kazi. Koti jeupe hakulitaja. Mimi pia sikulitaja.

Jumanne, 11 Juni

Nimekaa kwenye kiti cha Shemeji. Kiti kinalala chenyewe, taa inakuja usoni, hakuna pa kukimbilia. Mke wangu alikuja nami. Alisema amekuja kuhakikisha sitoroki, lakini sindano ya ganzi ilipotokea aliniachia mkono wake, na nikaubana mpaka pete ikamwacha alama. Hakuutoa.

Habari za sindano zilizidishwa chumvi. Sijasema hivyo mbele ya mtu.

Shemeji alichungulia, akavuta pumzi, akasema gego hili lingezibwa kama ningekuja mapema, sasa mzizi umeoza na usaha umejaa, linang'olewa. Kisha, mikono yote miwili ikiwa kinywani mwangu, akaanza kuniuliza maswali. Ndivyo wafanyavyo. Akauliza: wewe mtu wa mtindi, vijidudu vikila sukari ya maziwa vinatoa nini? Nikasema aah. Akasema vizuri, uchachu. Na maziwa yanakuwaje? Aah. Yanaganda. Na vijidudu vya kinywani vikipewa pipi asubuhi mpaka jioni vinatoa nini? Nikafumba macho. Akasema kumbe unajua, kiwanda unacho mdomoni, tofauti ni kwamba hapa kinachoharibika ni jino.

Eti mate yangu mwenyewe ndiyo dawa, yanasuuza uchachu na kulitengeneza jino, ila hayapati nafasi kwa sababu pipi haiishi. Eti mnanaa ule niliomimina umewachapa walinzi na wahuni bila kuchagua, na maji ya moto yamechapa ulimi tu. Eti hakuna mbegu inayoziba shimo. Na eti Mama yake hana mate ya ajabu. Ana mswaki asubuhi na usiku, unaoondoa ukoga, ule utando wa menoni, kila siku, na halambi vitu vitamu kati ya mlo na mlo. Basi. Nilisikitika kusikia mtaalamu anamwelezea mama yake mzazi kijuujuu hivyo.

Gego likatoka. Dogo! Nilitegemea kitu cha ukubwa wa embe.

Mama mkwe alikuwa chumba cha kusubiri. Mke wangu akamweleza kila kitu, na mimi siwezi kujitetea, nina pamba mdomoni. Nikatazama sakafu. Nilitamani sakafu inichukue. Mkwe wa mtu, amekunywa mate ya mama wa watu! Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, akacheka mpaka akaishikilia meza ya mapokezi, yale meno yote yakiwaka kwenye taa ya zahanati. Akasema na yeye alikuwa keshampigia simu kaka yake amuuzie mbuzi.

Alipopata pumzi akauliza: hiyo mbegu ya mama wa watu iliyokufa, si ndiyo ile uliyoniletea kwenye kopo la jamu?

Nikatoa pamba.

Jumatano, 12 Juni

Tumekwenda kiwandani, mimi nyuma, Mama mkwe mbele, kopo limefungwa kwenye kanga safi. Amelilisha kila siku tangu alipolipokea. Kijiko kinachochota hakionji, kinachoonja hakichoti. Hakuna aliyemfundisha wala kumbandikia mlangoni.

Mama Kiwanda alifungua, akanusa. Akachovya kijiko, akaonja. Akaliweka kopo kifuani. Akasema, mama. Sikujua anamwita nani, yule wa kopo au yule aliyesimama mbele yake. Wakakumbatiana, wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana, na kopo katikati. Hata Kidevu alijifanya ana kitu jichoni.

Nilisubiri mtu akumbuke ni nani aliyelitoa kopo kiwandani. Nikakohoa. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba pengine nilikuwa na hisia fulani, kwamba mbegu ipelekwe mahali pa usalama. Mama Kiwanda akasema ndio, amekumbuka, kutoa mbegu nje ni marufuku, na hilo nalo tutaliongelea.

Jioni pipa la kwanza likaganda. Mzee Mwonjaji akaonja, akampa Mama mkwe naye aonje, kwa heshima tu. Mama mkwe akasema ni mzuri, ila maziwa yamepoa kidogo kupita kiasi kabla ya kutiwa mbegu, na ng'ombe mmoja amekula majani machungu. Mzee akamwangalia. Akavua koti lake jeupe palepale na kumtundikia mabegani.

Lilimkaa vizuri. Siwezi kusema uongo.

Jumatatu, 17 Juni

Muhtasari wa hali. Mama mkwe amehamia kwetu moja kwa moja. Ni Mwonjaji Mkuu. Ana kiti. Mimi sijafukuzwa, kwa sababu yeye alisema mkwe wake si mtu mbaya, ana njaa ya mambo tu. Naosha makopo. Yeye ndiye anayeyakagua. Leo amenirudishia mawili. Kidevu anamwita mama na kumbebea mkoba, mtu asiye na haya. Lile shindano la Ijumaa la kutuonjesha limefutwa na hakuna aliyeniuliza nilijisikiaje.

Nyumbani chai imerudi. Mke wangu anacheka akiniona nashika kikombe, na akicheka ananigusa bega. Kwa hilo tu nasema jino lilikwenda kwa kazi nzuri. Namwambia pengo litaniletea heshima. Ananijibu jino la pembe si dawa ya pengo. Sijui anamaanisha nini, hakuna aliyetaja pembe.

Kuhusu pipi, nimejirekebisha kabisa. Upande wa kulia sili hata moja. Zote sasa zinakwenda kushoto, ambako meno bado ni mazima na yanaweza kuzistahimili. Jana gego la kushoto lilinichoma kidogo nilipokunywa maji. Kidogo sana. Ni mazoea mapya tu.

Nimelifikiria jambo lote kwa utulivu, kisayansi. Shemeji anasema mbegu haizibi shimo. Sawa, nakubali. Lakini hapa hakuna shimo bado! Hapa ni kuwahi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchemsha chombo kwa maji ya moto mno. La pili lilikuwa kutumia mbegu ya ng'ombe kwa kinywa cha mtu. Wazo la mwanzo kabisa lilikuwa sahihi, ila liliingiliwa na familia kabla halijaiva.

Ni saa ya mapumziko kiwandani. Mama mkwe ameitwa ofisini. Koti lake liko kwenye kiti. Mezani ameacha kikombe cha chai, kimebaki karibu nusu.

Kidevu yuko nje. Naandika nimesimama. Pazia nimeliangalia, halina ufa.